Kazi Inayofanyika Ndani ya Simu: Msimbo Asilia na Uandishi wa Kumbukumbu Masisi na Walikale

Masisi na Walikale ni teritware mbili za jimbo la Kivu Kaskazini, katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, na ingawa zinapakana, sura zake hazifanani hata kidogo. Masisi, yenye takriban kilomita za mraba 4,700, ni nchi ya vilima vya malisho ambavyo vingi hupita mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, nchi ya ng'ombe, jibini, maharagwe na watu wengi. Walikale, ambayo kwa kilomita zake za mraba zaidi ya 23,000 ndiyo teritware kubwa kuliko zote za jimbo, ni msitu unaoteremka kuelekea bonde la Kongo, na vijiji vyake vimetawanyika kando ya barabara ambazo mvua huziharibu kila mwaka. Zinafanana katika jambo moja lililo muhimu kwa historia inayoelezwa hapa: habari iliyozaliwa huko imekuwa ikipata taabu kutoka. Kwa sababu hiyo historia ya programu za simu katika teritware hizi haiwezi kuandikwa kwa mtindo wa Nairobi au Dar es Salaam, ambako programu nyingi hutegemea seva, yaani kompyuta ya mbali inayojibu maombi ya simu kila dakika. Huku kazi ilibidi ifanyike ndani ya simu yenyewe, hadi mwisho, mtandao uwepo au usiwepo, na kazi ya namna hiyo, ukiichunguza, imebebwa kwa sehemu kubwa na maktaba za msimbo asilia, istilahi itakayoelezwa chini, ambazo mtumiaji hazioni wala hazisikii zikitajwa.

Kabla ya simu za mkononi, habari za mbali zilipitia redio za masafa marefu, ambazo wenyeji waliziita foni. Parokia, hospitali na kambi za makampuni ya madini zilikuwa na foni. Mtu alisubiri saa yake, akapaza sauti, na ujumbe ukaandikwa kwenye karatasi upande wa pili. Kumbukumbu za madini nazo zilikuwa za karatasi, na mwenye karatasi alikuwa mmoja tu: kampuni. Sominki, iliyoundwa mwaka 1976 kwa kuunganisha makampuni ya bati yaliyokuwapo tangu enzi ya ukoloni, iliandika tani zake yenyewe, ikazihesabu yenyewe. Bei ya bati ilipoporomoka mwaka 1985 kampuni hiyo ilianza kudhoofika hadi ikafa katika miaka ya 1990, na kwa kuwa serikali ya Mobutu ilikuwa imekwisha kuruhusu uchimbaji wa mikono tangu mwaka 1982, shimo likabaki mikononi mwa mchimbaji mwenye sururu na koleo. Tangu hapo madini yaliendelea kutoka, lakini daftari lilikuwa halina mwenyewe.

Mahitaji yaliyofuata yalitoka katika viwanda vya elektroniki. Mwishoni mwa mwaka 2000 bei ya tantalamu, metali inayopatikana katika koltani na inayotengeneza kapasita, yaani vifaa vidogo vya kuhifadhia chaji ya umeme, ilipanda mara kadhaa kwa miezi michache, na vilima vya Rubaya huko Masisi vikajaa watu. Kuanzia mwaka 2002 hivi wachimbaji walifungua Bisie, katika msitu wa Walikale, kwenye kasiteriti, jiwe linalotoa bati. Na Umoja wa Ulaya ulipopiga marufuku risasi katika vifaa vya umeme kuanzia tarehe 1 Julai 2006, lehemu inayoshikilia sehemu za simu kwenye ubao wake ikawa karibu bati tupu. Kutoka Bisie wachukuzi walitembea siku mbili msituni hadi Njingala, kila mmoja na gunia la kilo 50 mgongoni, na kutoka huko madini yalikwenda Goma, katika nyumba za ununuzi zinazojulikana kwa jina la Kifaransa comptoirs, mara nyingi kwa ndege ndogo zilizotua juu ya lami ya barabara kuu pale Kilambo. Gunia lilipofika Goma, hakuna aliyeweza kuthibitisha shimo lilikotoka isipokuwa kwa neno la aliyeliuza.

Mitandao ya simu iliingia Kongo katika miaka hiyohiyo, Celtel mwaka 2000 na Vodacom mwaka 2002, ikaanzia mijini na kufuata barabara na fedha. Jinsi pengo lililobaki lilivyokuwa zito lilionekana kati ya tarehe 30 Julai na 2 Agosti 2010, pale makundi ya silaha yalipovamia Luvungi na vijiji vingine kumi na viwili kwenye barabara ya Kibua hadi Mpofi, teritware ya Walikale, na kubaka watu wasiopungua 387 kwa hesabu ya Umoja wa Mataifa. Kituo cha walinda amani kilikuwa Kibua, umbali wa kilomita 30 hivi, lakini vijiji vile havikuwa na mtandao wa simu, na habari ilichelewa kwa siku kadhaa. Ntabo Ntaberi Sheka, kiongozi wa Nduma Defence of Congo, mojawapo ya makundi hayo, alijisalimisha Julai 2017, akahukumiwa kifungo cha maisha na mahakama ya kijeshi mjini Goma tarehe 23 Novemba 2020, miaka kumi baada ya tukio. Kesi ya aina hiyo husimama juu ya kumbukumbu: nani alisema nini, wapi, siku gani, na kama karatasi iliyoandikwa siku ile ndiyo ileile iliyofika mbele ya hakimu.

Ni katika miaka ya tukio la Luvungi ambapo simu ilianza kuwa chombo cha kuandikia, wala si cha kusemea tu, na hapa inafaa kueleza istilahi kabla ya kuendelea. Prosesa, kiini kinachofanya hesabu zote za simu, haielewi chochote isipokuwa maagizo ya mashine yaliyoandikwa kwa namba. Programu iliyotungwa kwa Java, lugha iliyochaguliwa kwa ajili ya Android, haikugeuzwa moja kwa moja kuwa maagizo hayo. Ilifanywa kwanza kuwa msimbo wa kati, ambao ulisomwa na kutekelezwa na programu nyingine ndani ya simu inayoitwa mashine pepe. Faida yake ni kwamba programu moja huendeshwa kwenye simu zenye prosesa mbalimbali; hasara yake, katika simu za mwanzo zilizotoka kuanzia mwaka 2008, ilikuwa mwendo wa pole. Msimbo asilia ni ule uliotungwa, kwa kawaida kwa lugha za C au C++, ukageuzwa mapema kuwa maagizo ya prosesa ya aina fulani, na maktaba ya msimbo asilia ni mkusanyiko wa kazi zilizotayarishwa hivyo na kuwekwa katika faili lenye kiishio cha .so, ili programu iziite inapozihitaji.

Juni 2009 Google ilitoa NDK, kifurushi cha zana kilichowawezesha watunzi wa programu za Android kuingiza maktaba zao wenyewe za namna hiyo. Daraja linalounganisha Java na C huitwa kwa kifupi JNI, na kulivuka kuna gharama, kwa kuwa mara nyingi data inayopita lazima ibadilishwe umbo. Ndiyo maana mafundi hupenda kuvuka mara chache na mzigo mkubwa, kama vile mchukuzi wa Bisie asivyotembea siku mbili kwa ajili ya kilo tano. Sababu za kuvuka zimekuwa tatu: kasi, hasa katika picha na hesabu za siri, hamu ya kuwa na kiini kimoja kinachotumika katika Android na katika iPhone, na, iliyo kubwa kuliko zote kwa maoni ya makala haya, urithi, kwa sababu kazi nzuri iliyokwisha kuandikwa kwa C katika miaka ya 1990 na 2000 ni nyingi mno kuitunga upya.

Programu iliyobeba uandishi wa kumbukumbu kwa simu Afrika Mashariki ilikuwa Open Data Kit, iliyoanzishwa mwaka 2008 na Gaetano Borriello wa Chuo Kikuu cha Washington pamoja na wanafunzi wake, na iliyopata majaribio yake makubwa ya mwanzo Kenya, katika mpango wa afya wa AMPATH wenye makao yake Eldoret, na pia Uganda. Tawi lake lililosambaa zaidi katika mashirika ya misaada ni KoBoToolbox, lililozaliwa kutokana na tafiti za Patrick Vinck na Phuong Pham kaskazini mwa Uganda, na ambalo jina lake limetoka katika Kiacholi, kwa maana ya kuhamisha. Watafiti haohao walichapisha mwaka 2014 uchunguzi mkubwa wa maoni ya watu wa Kivu Kaskazini, Kivu Kusini na Ituri. Fomu hutayarishwa mjini, huingizwa katika simu, hujazwa kijijini bila mtandao, kisha majibu yote hutumwa siku simu inapofika penye antena.

Msomaji aliyezoea programu atasema kwamba Open Data Kit imetungwa kwa Java, na maktaba yake ya kusomea fomu, JavaRosa, ni ya Java vilevile. Atakuwa na haki. Lakini na afuate fomu moja hadi chini. Mwandishi wa kumbukumbu amesimama kwenye ukingo wa shimo, anajaza jina la eneo, idadi ya wachimbaji na aina ya madini, anapiga picha, kisha anagusa kitufe cha kupata mahali alipo. Picha hukunjwa kuwa faili dogo na maktaba ya JPEG, ambayo ni ya C. Kile anachokiona kwenye kioo huchorwa na Skia, maktaba ya C++. Mahali hutoka kwa setilaiti, ambazo hazihitaji mtandao wa simu, ingawa simu isiyo na mtandao huchukua muda mrefu zaidi kuzipata, na chini ya miti ya Walikale mawimbi yake hudhoofika hata mtu alazimike kutafuta uwazi. Anapohifadhi, orodha ya fomu huandikwa na SQLite, hifadhidata ndogo iliyomo ndani ya Android tangu mwanzo, iliyotungwa kwa C na D. Richard Hipp mwaka 2000 alipokuwa akifanya kazi ya programu za manowari ya jeshi la majini la Marekani, ambako alitaka hifadhidata isiyohitaji seva. Kilichotafutwa kwa ajili ya meli ya kivita kikawa ndicho kinachofaa kilima kisicho na antena. Ni mara chache historia ya ufundi hutoa urithi wa ajabu kiasi hicho.

SQLite ilifaa kwa sababu nyingine pia. Inapoandika hufuata desturi ya yote au hakuna: mabadiliko yakikatika katikati kwa kuwa betri imezimika, faili hurudishwa katika hali yake ya awali simu inapowashwa tena, wala halibaki nusu. Mahali ambapo simu huchajiwa kwa paneli ya jua au kwa malipo katika kibanda cha sokoni, sifa hiyo ina thamani kuliko kasi.

Kwa upande wa madini, karatasi ilikuwa imerudi kwa nguvu. Julai 2010 Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya Dodd-Frank, iliyoyataka makampuni yaeleze asili ya madini yao. Septemba mwaka huohuo Rais Joseph Kabila alisimamisha uchimbaji katika Kivu mbili na Maniema hadi Machi 2011. Mfumo wa iTSCi, ulioendeshwa na jumuiya za viwanda vya bati na tantalamu, ulifika Kivu Kaskazini mwaka 2014. Lebo ya plastiki yenye namba na msimbo pau, yaani mistari myeusi inayosomwa na mashine, hufungwa kwenye gunia na wakala wa serikali karibu na shimo. Uzito, tarehe na namba huandikwa daftarini. Lebo ya pili huongezwa gunia linapofika kwa mnunuzi. Udhaifu wa utaratibu huu ulijulikana kwa kila aliyewahi kunakili namba ndefu kwa mkono kwenye mvua: tarakimu moja ikikosewa, gunia limepoteza ukoo wake, na lebo iliyouzwa kando hufanya gunia la mahali pengine lionekane la hapa. Shirika la IPIS la Antwerp nalo lilikuwa tangu mwaka 2009 likituma timu za Wakongo kuchora ramani ya machimbo ya mashariki, ikiwa ni pamoja na Masisi na Walikale, na ramani hiyo ikafikia machimbo zaidi ya 2,000. Mwishoni mwa mwaka 2018 kampuni iliyokuwa na leseni ya Rubaya, SMB, iliacha iTSCi na kuingia katika mfumo mwingine, wa RCS Global, uliotegemea zaidi kumbukumbu za kidijitali.

Kusoma msimbo pau kwa kamera ya simu kunatoa mfano mzuri wa uchaguzi ambao mafundi hukabiliana nao, kwa sababu kazi ileile ina maktaba mbili mashuhuri: ZXing, iliyotungwa kwa Java, na ZBar, iliyotungwa kwa C. Watunzi wa Open Data Kit walitegemea ya kwanza, na hawakukosea. Lebo moja husomwa kwa muda mfupi hata kwa Java, na maktaba ya Java haimlazimishi mtunzi kujenga faili tofauti kwa kila aina ya prosesa. Desturi ya kudhani kwamba msimbo asilia ni bora daima imewapotezea watunzi wengi muda na imeongeza ukubwa wa programu bila faida.

Kwa habari za uhalifu hali ilikuwa tofauti, kwani hapo msimbo asilia haukuepukika. Simu inayokamatwa njiani ikiwa na ushuhuda ni hatari kwa mwenye simu na kwa walioshuhudia. Kuanzia mwaka 2011 The Guardian Project, kundi la watunzi wa programu za usalama, lilishirikiana na kampuni ya Zetetic kuleta Android SQLCipher, ambayo ni SQLite ileile iliyoongezewa usimbaji fiche, yaani ubadilishaji wa maandishi kuwa fumbo lisilosomeka bila ufunguo. Baadaye likatengeneza IOCipher, ambayo hufanya hivyo kwa faili na picha. Zote mbili ni maktaba za C zinazoitwa kupitia JNI, na hesabu zake, zinazofanywa kwa kila ukurasa wa hifadhidata, zingekuwa nzito mno kwa mashine pepe ya simu za wakati ule. Juu ya maktaba hizo, pamoja na shirika la WITNESS, ilijengwa InformaCam, iliyoambatanisha na kila picha mahali, saa na minara ya simu iliyo karibu, kisha ikatia muhuri wa kihesabu unaovunjika picha ikiguswa. Wazo hilohilo lilifuatwa na eyeWitness to Atrocities, programu iliyotolewa mwaka 2015 na International Bar Association. Septemba 2018, katika teritware ya Kalehe inayopakana na Masisi na Walikale kwa upande wa kusini, wakuu wawili wa kundi la waasi la FDLR walihukumiwa na mahakama ya kijeshi kifungo cha maisha kwa mauaji ya Kamananga na Lumenje ya mwaka 2012, na picha zilizopigwa kwa programu hiyo zikawa sehemu ya ushahidi. Hapo muhuri uliotengenezwa ndani ya simu, kabla ya mtandao wowote kuguswa, ulikubaliwa mahakamani.

Ramani zisizo na mtandao zilifuata njia ileile. MAPS.ME, iliyoanza mwaka 2011, ilitungwa kiini chake kwa C++, na ilitumia data ya OpenStreetMap, ambayo wajitolea wa mpango wa Missing Maps wamekuwa wakiijaza tangu mwaka 2014 kwa kuchora barabara na nyumba kutoka picha za setilaiti. Médecins Sans Frontières, ambao wako Masisi tangu mwaka 2007, ni miongoni mwa waanzilishi wa mpango huo.

Urithi huu una gharama yake, na gharama huanguka mahali palepale ulipotakiwa kusaidia. Maktaba ya msimbo asilia iliyojengwa kwa prosesa ya biti 64 haifanyi kazi kwenye ya biti 32. Anayetaka kuwafikia wote hubeba nakala mbili au zaidi za maktaba ileile ndani ya programu moja, na megabaiti zinaongezeka, nazo mega, kama data inavyoitwa huko, hununuliwa kwa fedha ya mfukoni. Mwaka 2018 Google ilileta mtindo wa kugawa programu vipande ili kila simu ipakue kipande chake tu, na ni mtindo mzuri kwa aliye na mtandao. Lakini mahali ambapo programu hupitishwa kutoka simu hadi simu kwa Bluetooth au kwa programu ya Xender, kipande kilichokatwa kwa kipimo cha simu moja hakiifai nyingine: programu hukataa kuingia, au huingia kisha ikajifunga papo hapo kwa kuwa imeitafuta maktaba yake na kuikosa. Mwenye simu haelezwi lolote la maana, naye huhitimisha kwamba simu yake ni mbovu.

Tarehe 30 Aprili 2024 waasi wa M23 waliteka Rubaya, ambayo Umoja wa Mataifa uliikadiria kutoa takriban asilimia 15 ya tantalamu ya dunia. Januari 2025 wakateka Masisi mjini na Goma. Machi 2025 wakaingia Walikale mjini, na mgodi wa Bisie, uliokuwa umekuwa wa kiwanda chini ya kampuni ya Alphamin tangu mwaka 2019, ukasimama hadi Aprili walipoondoka. Mnyororo wa lebo ukakatika Masisi.

Masharti ya duka la programu la Google, hata hivyo, hayakusimama. Tangu tarehe 1 Agosti 2019 kila programu yenye msimbo asilia lazima iwe na toleo la biti 64, na tangu tarehe 1 Novemba 2025 programu zinazolenga Android mpya lazima maktaba zake zijengwe upya ili zikubali kurasa za kumbukumbu, yaani vipande ambamo simu hugawa hifadhi yake ya muda, za KB 16, badala ya KB 4 zilizozoeleka. Simu za bei ndogo za biti 32 ambazo bado zinaandikia fomu katika vilima hivyo haziguswi na sharti hilo la pili, kwa kuwa kurasa zake ni KB 4 vilevile. Anayetunza programu kwa ajili ya Masisi na Walikale atalazimika kujenga kila maktaba kwa namna zote mbili, ya biti 64 na ya biti 32, na kuijaribu kwenye simu mpya na kwenye simu kuukuu kabla haijapanda pikipiki kwenda huko.